Ndimu, Machungwa na Ugonjwa wa Kifua



Karibu kila nyumba ya Bendera inajua dawa hii. Mtoto akianza kukohoa, bibi anamtuma mjukuu nyuma ya nyumba achume ndimu mbili au tatu. Maji yanachemshwa juu ya makala, ndimu zinakamuliwa, sukari au asali inatiwa, na mtoto anapewa kikombe kingali moto. Wengine huongeza tangawizi, wengine majani ya mchaichai, wengine chumvi kidogo. Wengine huchemsha majani ya mlimau pamoja na ya mkaratusi katika sufuria kubwa, kisha mgonjwa hufunikwa blanketi ili avute mvuke. Wakati wa kiangazi, baridi ya asubuhi inaposhuka na vumbi la barabara ya Kalemie linapopanda, ndimu hazikosi kukamuliwa kila siku.

Basi watu wanatuuliza: “Je, ndimu ni dawa kweli? Au ninyi wa hospitali mnatukataza?” Ndimu hatuikatazi. Linalotuhuzunisha ni jambo jingine: mtu kumpa mtoto ndimu siku tatu, akingoja, na kumbe mtoto ana kichomi, na kichomi hakingoji. Kwa hiyo, tafadhali, soma maneno haya mpaka mwisho. Na kama una jirani asiyejua kusoma, keti naye umsomee.

1. Matunda haya yalitoka wapi

Ndimu, malimau, machungwa na machenza ni ndugu wa jamaa moja. Kwao ni Asia. Wafanyabiashara wa bahari waliyaleta katika pwani yetu zamani sana. Kutoka pwani, matunda na lugha ya Kiswahili vilipenya bara.

Wareno walipofika pwani yetu mwaka 1498 pamoja na Vasco da Gama waliyakuta machungwa yako tayari. Wakati wa kurudi kutoka Uhindi walikaa baharini karibu miezi mitatu, wasile matunda wala mboga. Ufizi wao ulivimba mpaka ukafunika meno, miguu ikavimba, nguvu zikaisha. Katika safari hiyo ya kuvuka, watu 30 walikufa. Walipofika Malindi, Januari 1499, wagonjwa walitamani machungwa sana, na mkubwa wao akatuma mtu pwani kuyatafuta. Hata hivyo wengi walikuwa wamedhoofika mno, wakafa huko huko Malindi.

Ugonjwa ule huitwa kiseyeye. Kumbuka jina hilo, kwa maana hapo ndipo sifa kubwa ya ndimu ilipoanzia. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini watu waliichukua sifa ya kuponya kiseyeye wakaipeleka kwa kikohozi, kichomi na kifua kikuu, na hayo ni magonjwa mengine kabisa.

2. Daktari wa meli na mabaharia 12

Mwaka 1747 daktari mmoja wa Uskoti, James Lind, alikuwa katika meli ya vita ya Uingereza iliyoitwa Salisbury. Mabaharia wengi walikuwa na kiseyeye. Wakati ule kila mtu alikuwa na dawa yake aliyoisifu. Daktari Lind hakubishana na mtu. Alichagua wagonjwa 12 ambao ugonjwa wao ulifanana, akawalaza mahali pamoja, akawapa chakula kimoja. Kisha akawagawa wawili wawili. Wawili walipewa kinywaji cha matofaa, wawili siki, wawili maji ya bahari, wawili maji yaliyotiwa asidi, wawili dawa ya kitunguu saumu na haradali. Wawili wa mwisho walipewa machungwa mawili na limau moja kila siku.

Machungwa yaliisha baada ya siku sita tu. Lakini kwa siku hizo chache mmoja wa wale wawili aliweza kurudi kazini, na mwenzake akawekwa kuwatunza wagonjwa wengine. Lind aliandika habari hizo katika kitabu mwaka 1753. Serikali ya Uingereza ilikawia: mpaka mwaka 1795 ndipo mabaharia wake walipoanza kupewa maji ya malimau.

Ninawaeleza habari hii kwa sababu inatufundisha jinsi ya kuipima dawa. Mtu mmoja akinywa ndimu na akapona mafua, hatujui bado kama ndimu ndiyo iliyomponya, kwa sababu mafua huondoka yenyewe kwa siku saba au kumi, unywe au usinywe. Tunapaswa kuwatazama walionywa na wasiokunywa, wote wakiwa na ugonjwa mmoja. Fanya hivyo hata kwa dawa za hospitali. Dawa ya kweli haiogopi kupimwa.

3. Ndani ya ndimu mna nini

Kitu kilichowaponya wale mabaharia kilipatikana baadaye. Mtaalamu Albert Szent-Györgyi wa Hungaria alikitenga, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1937. Kitu hicho ni vitamini C. Mwili unaihitaji ili ngozi, ufizi na mishipa ya damu viwe imara, vidonda vifunge, na askari wa mwili wapigane na wadudu wa magonjwa. Wanyama wengi wanaitengeneza wenyewe ndani ya miili yao. Sisi wanadamu hatuwezi, tunaipata katika chakula.

Je, mtu mzima anahitaji kiasi gani? Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema miligramu 45 kila siku. Chungwa moja la kadiri lina karibu miligramu 70. Basi chungwa moja kwa siku linatosha na kusalia. Ukila kumi, mwili hauwezi kuweka akiba kubwa. Nyingine inatoka katika mkojo. Tena si ndimu na machungwa tu yenye vitamini hii. Pera lina vitamini C zaidi ya chungwa, karibu mara nne kwa uzito uleule. Papai na embe zinayo pia. Aliye na mpera uani asijione maskini kwa kukosa machungwa.

Vitamini C ina adui mmoja jikoni, nao ni moto. Sombe mbichi ina vitamini C nyingi, lakini hatuna budi kuitwanga na kuipika muda mrefu ili sumu yake itoke, na kwa kupika hivyo vitamini inapotea. Ndimu nayo ikichemshwa robo saa, unakunywa uchungu na harufu, lakini faida imepungua. Kwa hiyo chemsha maji kwanza, uyaepue, uyaache yapoe kidogo mpaka yanyweke, ndipo ukamue ndimu.

Kuna faida nyingine ambayo wachache wanaijua. Maharage, sombe na lengalenga zina madini ya chuma yanayojenga damu, lakini mwili unayapokea kwa shida. Ukila chungwa au ukikamulia ndimu katika chakula kilekile, mwili unayapokea vizuri zaidi. Mama mwenye mimba na mtoto aliyepungukiwa damu wanasaidiwa sana na jambo hili. Basi baada ya bukari na maharage, mpe mtoto kipande cha chungwa. Chai umpe wakati mwingine, maana chai inazuia yale madini.

4. Je, ndimu inazuia mafua

Mwaka 1970 mtaalamu mashuhuri wa Marekani, Linus Pauling, aliandika kitabu akisema kwamba vitamini C nyingi inazuia mafua. Watu walinunua vidonge kwa wingi. Madaktari nao wakafanya kama James Lind alivyofanya, wakawagawa watu katika makundi na kuwalinganisha. Mwaka 2013 watafiti walikusanya hesabu zote pamoja, watu zaidi ya 11,000, wakaona hivi:

Watu wa kawaida waliomeza vitamini C kila siku walipata mafua sawasawa na wengine. Haikuwazuilia. Lakini mafua yao yaliisha mapema kidogo: kwa watu wazima muda ulipungua kwa asilimia 8, na kwa watoto asilimia 14. Yaani mafua ya siku saba yalipungua kwa nusu siku hivi. Wale waliongoja mpaka mafua yameanza ndipo wakameza, hawakuonekana kupata faida ya hakika. Kundi moja tu lilipata faida kubwa: wakimbiaji wa mbio ndefu, na askari wanaofanya kazi ngumu sana katika baridi. Hao mafua yao yalipungua kwa nusu.

Basi neno la haki ni hili. Matunda yaliwe kila siku, mtu akiwa mzima, kama chakula. Yanasaidia mwili kidogo kidogo, kama mtu anayetengeneza paa kabla ya mvua. Usimtegemee mtu huyo ukimwita usiku wakati nyumba imekwisha kujaa maji.

5. Kazi njema ya kikombe cha ndimu

Mwenye mafua ya kawaida akinywa maji ya ndimu yenye joto, anapata nafuu kweli, wala si mawazo tu. Maji ya moto yanalainisha makohozi. Uchungu wa ndimu unaleta mate, na mate yanalowesha koo lililokauka. Asali inafunika koo na kupunguza kikohozi cha usiku. Watafiti wameona hivyo kwa watoto waliozidi mwaka mmoja. Tena mwenye homa anapoteza maji kwa jasho na kwa pumzi, na kikombe hicho kinayarudisha.

Tengeneza hivi. Osha mikono yako na ndimu kwa maji safi. Chemsha maji mpaka yatokote, yaepue, yaache yapoe mpaka kidole kivumilie. Kamua nusu ya ndimu katika kikombe kimoja. Tia kijiko kidogo kimoja cha asali, au sukari. Tangawizi kidogo haidhuru kwa mtu mzima. Mnyweshe mgonjwa polepole, mara tatu au nne kwa siku, na aendelee kula.

Lakini angalia mambo haya:

Mtoto aliye chini ya miezi sita asipewe ndimu, wala maji, wala chai ya majani yoyote. Maziwa ya mama yanamtosha, hata akiwa na mafua. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi.

Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata tone. Asali huweza kubeba mbegu za mdudu anayetoa sumu katika tumbo la mtoto mchanga. Sumu hiyo inalegeza mwili na kuzuia pumzi. Tumbo la mkubwa linamshinda mdudu huyo, la mtoto mchanga haliwezi.

Usitie maji ya ndimu katika pua, wala katika jicho, wala katika sikio. Yanaunguza.

Usipake ndimu kifuani mwa mtoto kisha ukamtoa juani. Maji ya ndimu yakipigwa na jua huunguza ngozi na kuacha madoa meusi.

Mwenye kidonda cha tumbo apunguze ndimu. Na kila mtu asukutue kwa maji baada ya kuinywa, maana uchungu wake unakula meno.

Kuhusu mvuke: pua iliyoziba inafunguka kwa muda, lakini mvuke hauponyi ugonjwa wa mapafu. Tena sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi ni hatari kubwa. Mtoto akishtuka, akipiga teke, maji yanamwagika mapajani na tumboni, na mtu aliyekuja na mafua anabaki na madonda ya moto kwa miezi. Usimfunike mtoto juu ya sufuria hata kidogo.

6. Kooni mna njia mbili

Shika shingo yako, umeze mate. Kuna njia mbili hapo. Moja inashuka tumboni, ndiyo ya chakula na maji. Nyingine inashuka mapafuni, ndiyo ya pumzi. Unapokunywa ndimu, inakwenda tumboni. Mlango mdogo hufunika njia ya pumzi ili maji yasipite huko. Yakipita kwa bahati mbaya, unapaliwa na kukohoa mpaka machozi.

Basi wadudu wa kichomi wako wapi? Wako chini kabisa katika njia ya pili, ndani ya vyumba vidogo vya mapafu. Vyumba hivyo vinajaa maji na usaha, pumzi inakosa mahali pa kuingia. Uchungu wa ndimu haufiki huko. Unageuzwa tumboni kama chakula kingine. Dawa inayoweza kufika huko ni ile inayoingia katika damu na kuwaua wadudu wale, kama amoksisilini. Na kama ugonjwa umezidi, mtoto anahitaji shindano na hewa ya oksijeni.

Katika dunia nzima, hakuna ugonjwa wa kuambukiza unaoua watoto wadogo wengi kuliko kichomi. Ndiyo sababu ninakuomba ujifunze sehemu inayofuata kama unavyojifunza mistari ya Jumapili.

7. Hesabu pumzi za mtoto

Hapa ndipo mama anapoweza kuwa mganga wa kwanza. Hahitaji chombo ila saa, au simu yenye saa.

Ngoja mtoto atulie, asiwe analia wala ananyonya. Mfunue kifua na tumbo mahali penye mwanga. Kila tumbo linapopanda, hesabu moja. Hesabu dakika nzima.

Aliye chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi ni hatari.
Wa miezi 2 mpaka 11: pumzi 50 au zaidi ni hatari.
Wa mwaka 1 mpaka 5: pumzi 40 au zaidi ni hatari.

Ukiona hesabu hizo, mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na ukiona mojawapo ya dalili hizi, usingoje asubuhi: anapovuta pumzi, sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani, hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amelegea au haamki vizuri, ameshikwa na degedege, midomo imekuwa ya buluu, au anatoa sauti ya kukoroma akivuta pumzi hali ametulia.

Mama mmoja, nyumbani kwake ni mwendo wa saa tatu kwa miguu, alikuwa na mtoto wa miezi minane. Siku mbili alimpa maji ya ndimu kidogo kwa kijiko, kama wote wafanyavyo. Usiku wa pili mtoto akakataa ziwa. Mama mkwe akasema, “Ongeza ndimu, utie na tangawizi, kesho atakuwa mzima. Watoto wangu saba niliwalea hivyo.” Yule mama alikuwa amefundishwa kuhesabu siku ya kupima watoto. Akamfunua mtoto karibu na taa, akahesabu kwa simu ya mume wake: 64. Kifua kilikuwa kinaingia ndani. Akapiga magoti mbele ya mama mkwe, akasema, “Mama, nimekusikia, na ndimu tutampa akirudi. Usiku huu unibariki niende.” Mzee akanyamaza kidogo, kisha akavua kitenge chake mwenyewe akamfunika mjukuu, akasema, “Nenda. Mimi nitabaki na wale wengine.” Baba akawasha tochi, wakatoka.

Walifika kabla ya jogoo. Mtoto aliwekewa oksijeni, akapigwa shindano. Siku ya nne alianza kunyonya tena na kuvuta nywele za mama yake.

Tazameni mambo mawili katika habari hii. Yule mama hakumdharau mkwe wake. Na yule mzee hakuifanya dawa yake kuwa kubwa kuliko mjukuu wake. Katika nyumba nyingi mtoto anakufa kwa sababu hakuna anayetaka kusema, “Ya nyumbani imeshindwa, tuondoke.” Baba, mwenye pesa ya safari ni wewe. Usimwache mama aombe ruhusa kwa watu watatu usiku.

8. Kikohozi cha majuma mawili

Mtu mzima akikohoa majuma mawili au zaidi, aache kukisia, aje apimwe makohozi. Akikonda, akitoka jasho usiku, akitema damu, asichelewe hata siku. Huenda ni kifua kikuu. Mdudu wake aligunduliwa na Robert Koch wa Ujerumani mwaka 1882, na hakuna tunda lolote linalomwua. Anakufa kwa dawa za kumeza kila siku miezi sita, bila kuruka. Dawa hizo za serikali hapa Kongo hazilipwi pesa. Mgonjwa akijisikia vizuri mwezi wa pili akaacha, mdudu anarudi na nguvu kubwa zaidi. Chungwa ale, ni chakula kizuri kwake. Lakini vidonge asiache. Neno hili ni hasa kwa ninyi mnaochimba madini, kwa maana vumbi la mawe linaharibu mapafu na kumfungulia mdudu mlango.

Mwenye pumu naye ana dawa yake ya kuvuta kwa mdomo, inayofungua njia za pumzi. Ndimu haizifungui. Asikae nyumbani anahema huku anakunywa vikombe.

9. Habari za mwaka 2020

Wengi wanakumbuka. Tarehe 10 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa Korona alitangazwa Kinshasa. Pande zote watu walikimbilia ndimu na tangawizi. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, rais John Magufuli mwenyewe alisifu kujifukiza kwa mvuke. Woga ulikuwa mwingi, na dawa ya hospitali ilikuwa haijajulikana, kwa hiyo hatuwahukumu watu walioshika walichokuwa nacho.

Lakini jambo lile lilipimwa. Huko Marekani wagonjwa 214 wa Korona waliokuwa majumbani mwao waligawanywa; wengine walipewa vitamini C miligramu 8,000 kwa siku, zaidi ya machungwa 100. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021: hawakupona mapema kuliko wenzao. Kama machungwa 100 hayakuweza, ndimu mbili zitaweza nini? Kilichosaidia kupunguza vifo ni oksijeni kwa waliozidiwa, na chanjo, ambayo ilianza kutolewa hapa Kongo mwezi wa Aprili 2021.

Vivyo hivyo surua. Katika mlipuko wa mwaka 2019 na 2020, surua iliua watu zaidi ya 6,000 katika nchi yetu, wengi wao watoto, na mara nyingi surua huua kwa kuleta kichomi. Ngao ya mtoto ni chanjo yake. Chanjo za kuzuia kifaduro na kichomi huanza akiwa na majuma sita, na ya surua akitimiza miezi tisa. Chungeni karatasi za chanjo kama mnavyochunga cheti cha ndoa. Pia toeni moto wa kuni nje ya chumba anacholala mtoto, au mfungue dirisha. Moshi wa jikoni unaharibu kifua chake kila siku, na mama anadhani ni baridi tu.

10. Isaya na tini

Ndugu wengine husema, “Mimi ninaomba tu, dawa ni kukosa imani.” Wengine husema, “Dawa ya Mungu ni majani na matunda, ya hospitali ni ya wazungu.” Fungueni Biblia zenu, 2 Wafalme mlango wa 20. Mfalme Hezekia aliugua karibu na kufa. Akaomba, akalia machozi, na Mungu akamjibu kwamba atapona. Jibu lilikwisha kutoka. Hata hivyo nabii Isaya aliagiza tini ziletwe, ziwekwe juu ya jipu. Maombi na tunda vilikwenda pamoja katika chumba kimoja, na hakuna aliyemwambia Isaya kwamba amekosa imani.

Angalieni tena: tini ziliwekwa juu ya jipu. Ziliwekwa mahali zinapoweza kufika. Aliyeumba mlimau ndiye aliyewapa watu akili ya kutafuta amoksisilini, na mwandishi wa Injili ya tatu, Luka, Paulo anamwita tabibu mpendwa. Basi tuilete ndimu mahali pake: mezani kila siku, na katika kikombe cha mwenye mafua. Na mtoto mwenye pumzi 60 tumlete mahali pake, tukiomba njia nzima.

Maswali ya kujifunza

Wasomeeni watu wa nyumbani maswali haya, kila mtu ajibu.

1. Ndimu iliponya ugonjwa gani wa mabaharia? Je, kichomi ni ugonjwa uleule?
2. Kwa nini tunakamua ndimu baada ya kuepua maji?
3. Mtoto wa miezi mitatu ana mafua. Atapewa nini? Ni vitu gani asipewe?
4. Mtoto wa miaka miwili anapumua mara 46 kwa dakika. Utafanya nini, na lini?
5. Taja dalili nne ambazo ukiziona usiku hutangoja asubuhi.
6. Jirani amekohoa majuma matatu, na anakunywa ndimu kila jioni. Utamwambia nini kwa upendo?
7. Katika nyumba yako, ni nani atakayetoa pesa ya safari mtoto akizidiwa? Pesa hiyo iko wapi leo?

Swali la mwisho, wazee wa nyumba walijibu usiku huu kabla ya kulala.